Nataka kumwita mwanangu Berenice, mama mkwe anasema jina lina laana

"Shikamoo mwalimu. Mi naitwa Veronika, nina mimba ya miezi saba na tumeambiwa ni mtoto wa kike. Jina Berenice nililiona kwenye kitabu cha nyota nikiwa shule na sijawahi kulisahau. Shida mama mkwe amekataa katakata, anasema Bernike wa kwenye Biblia alikuwa anaishi na kaka yake kama mke na mume, kwa hiyo jina lina laana. Mume wangu naye kasoma mahali kwamba ni jina la malaya kwenye tamthilia ya Shakespeare. Na mimi mwenyewe sijui hata linatamkwaje, Berenisi au Berenike, wala maana yake. Veronika nimeambiwa ni 'sura ya kweli', basi natamani na la mwanangu liwe na maana nzuri hivyo. Nifanyeje?"

Marahaba dada Vero, na hongera sana, miezi miwili iliyobaki Mungu akuvushe salama. Nimesoma swali lako mara mbili na mara zote nimecheka, sikucheki wewe, nacheka hali yenyewe, manake hapo nyumbani mnagombania jina ambalo tayari limo humo ndani. Veronika na Berenice ni jina moja. Mama mkwe anayesema Berenice ina laana anakuita Berenice kila asubuhi akitaka chai.

Ngoja nikueleze limetokaje huko. Kwa Kigiriki cha kale pherein ni kuleta au kubeba, na nike ni ushindi, ile Nike ya viatu ni huyohuyo mungu wao wa kike wa ushindi. Ukiunganisha unapata Pherenike, mleta ushindi. Wanaume nao walikuwa na la kwao, Pherenikos, tena kulikuwa na farasi wa mfalme Hieron wa Syracuse mwenye jina hilo aliyeshinda kwenye Olimpiki mwaka 476 KK, kwa hiyo kwa farasi angalau jina lilifanya kazi. Sasa watu wa Makedonia, kaskazini ya Ugiriki, pale Wagiriki wengine waliposema ph wao walisema b. Philippos kwao Bilippos, na Pherenike ikawa Berenike. Ni kama Mombasa wanavyosema "ndoo" na Unguja wanasema "njoo", mtu ni yuleyule anaitwa aje.

Lahaja hiyo ya pembeni ingebaki huko pembeni kama si Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia. Alipofariki mwaka 323 KK majemadari wake waligawana dunia, Ptolemy akachukua Misri, na mke wake aliitwa Berenice. Hapo jina la kijijini likawa jina la ikulu, na kwa karibu miaka mia tatu ukoo wa Ptolemy uliwapa mabinti zake majina matatu manne tu kwa kupokezana: Arsinoe, Berenice, Cleopatra. Ukisoma historia yao utaumwa kichwa, kila ukurasa Berenice mwingine.

Baadaye Wagiriki walianza kuitamka b yao kama v, mpaka leo ndivyo wanavyofanya, na hapo sikio linaanza kusikia Veroniki. Kuna maandishi ya Kikristo ya zamani, hayamo kwenye Biblia, yanayosimulia kesi ya Yesu mbele ya Pilato, na humo yule mama aliyetokwa damu miaka 12 anakuja kutoa ushahidi. Kwa Kigiriki anaitwa Bernike, na kwenye tafsiri ya Kilatini anaitwa Veronica. Ndipo taratibu hadithi ya kitambaa ikamfuata mama huyo, na ndiye unayemkuta kila Ijumaa ya Kwaresima kwenye kituo cha sita cha Njia ya Msalaba, Veronika anampangusa Yesu uso.

Ile "sura ya kweli" uliyoambiwa ilikuja nyuma kabisa. Watu wa zama za kati walikuwa na kile kitambaa Roma, wakiamini kimebaki na sura ya Yesu, wakatazama jina, wakaona humo ndani vera, neno la Kilatini la kweli, na icon, neno la Kigiriki la sura, wakaunganisha wakasema ahaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1200 mwandishi mmoja wa Wales, Gerald, alishaliandika hilo. Ni maelezo mazuri, yanafundishika kanisani, lakini hesabu yake haikai, huwezi kuchukua nusu Kilatini nusu Kigiriki ukasema hapo ndipo jina lilipozaliwa wakati lilishakuwepo mamia ya miaka kabla ya kitambaa. Sikunyang'anyi hiyo maana, ukiipenda baki nayo. Ninachokwambia ni kwamba chini yake kuna maana nyingine ya zamani zaidi, na kwa maoni yangu haijapungua uzuri.

Sasa la mama mkwe, na hapa naomba tuwe wa haki manake hajatunga kitu. Bernike yupo, Matendo ya Mitume sura ya 25 na 26. Anafika Kaisaria na Agripa mfalme, ambaye kweli ni kaka yake, wanaingia ukumbini kwa fahari nyingi, wanamsikiliza Paulo akijitetea. Basi. Biblia haisemi neno moja kuhusu yeye na kaka yake kitandani. Kinachosemwa ni kwamba baada ya kumsikiliza Paulo waliinuka, mfalme, liwali na Bernike kwa jina, wakasemezana kwamba mtu huyu hajafanya neno la kustahili kufa wala kufungwa. Mwombe mama mkwe aifungue 26:30 na 31 mwenyewe, asome kwa sauti.

Ile habari ya kaka imetoka nje ya Biblia. Bernike alizaliwa mwaka 28 BK, akaolewa binti mdogo, akafiwa, akaozwa kwa baba yake mdogo Herode wa Chalcis, huyo naye akafa mwaka 48, akabaki mjane na watoto wawili na umri wa miaka 20. Akahamia kwa kaka yake. Mjane, mzuri, tajiri, hataki kuolewa haraka, anakaa kwenye nyumba ya kaka ambaye naye hana mke, unadhani mtaa ulisema nini? Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeishi wakati huohuo, anauita uvumi, na anasema Bernike aliolewa mara ya tatu na mfalme wa Kilikia ili kuuzima. Juvenal, mshairi wa Roma wa kejeli, aliupeleka mbele akafanya utani wa pete ya almasi. Inawezekana ulikuwa kweli? Inawezekana, sitakudanganya. Ila ushahidi wenyewe ni maneno ya mtaani yaliyoandikwa na wanaume waliokuwa na sababu zao, na mwanamke wa kifalme siku hizo ukitaka kummaliza unaanzia hapohapo.

Josephus huyohuyo anasimulia kitu kingine ambacho hakuna anayekitaja kwenye vikao vya majina. Mwaka 66, liwali Florus alipowaachia askari wake wachinje watu Yerusalemu, Bernike alikuwa mjini kutimiza nadhiri. Desturi ilikuwa siku thelathini kabla ya kutoa sadaka mtu aache divai na anyoe nywele. Basi malkia huyu wa dhahabu na fahari nyingi akaenda mbele ya kiti cha Florus miguu peku, kumwomba asimamishe mauaji. Florus hakumsikiliza, askari wakaendelea kupiga na kuua watu mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe angeuawa kama asingekimbilia ikulu, akalala humo usiku kucha na walinzi. Hiyo ndiyo laana ya mama mkwe. Mi nikiambiwa nichague picha moja ya kumkumbuka nayo nachagua ile miguu peku.

Tuje kwa mumeo. Kwanza mtoe Shakespeare kwenye hii kesi, hana tamthilia ya Berenice na alifariki 1616. Labda amechanganya na Thais, yule kweli alikuwa kahaba wa daraja la juu kutoka Athens, wanasimulia alikuwa na Alexander usiku ikulu ya Persepolis ilipochomwa moto, na jina lake nalo waandishi wa Kiingereza wamelitumia. Berenice ni kisa kingine kabisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Vita ile ya Wayahudi ilipoanza, jemadari wa Roma aliyekuja na baba yake kuizima alikuwa Titus, mdogo kwa Bernike kama miaka kumi na moja hivi. Wakapendana. Titus ndiye aliyeuteka Yerusalemu na Hekalu likaungua mwaka 70, na mwanamke aliyeomba peku mbele ya Florus akawa mpenzi wa aliyeuangusha mji wake, hapo kila mtu afikirie anavyoweza, mi nimeshindwa kuamua miaka yote hii. Mwaka 75 alimfuata Roma, wakakaa nyumba moja ikulu, yeye akijiona mke kabisa. Waroma wakanuna, malkia wa mashariki tena, hawajamsahau Cleopatra! Wanafalsafa wawili walisimama hadharani kuwatukana, mmoja akachapwa viboko mwingine akakatwa kichwa, lakini manung'uniko hayakuisha. Titus akamrudisha kwao. Mwaka 79 baba yake alipofariki na yeye kuwa mfalme, Bernike akarudi tena Roma, akiwa na miaka hamsini na moja, na tena akaambiwa aondoke. Suetonius, mwandishi wa Roma, ameliandika kwa maneno mawili ya Kilatini, invitus invitam: alimwondoa hataki, naye hataki.

Kwenye maneno hayo mawili Racine wa Ufaransa alijenga tamthilia nzima mwaka 1670, vitendo vitano na hakuna hata mtu mmoja anayekufa, ni watu watatu tu wanashindwa kuagana. Watu wa Paris walinong'ona kwamba anamsema mfalme wao Louis XIV, ambaye ujanani alitenganishwa na Marie Mancini, binti aliyempenda. Na mwishoni mwa 1676 kijana wa London, Thomas Otway, miaka ishirini na nne tu, akaichukua akaitia kwenye Kiingereza, Titus and Berenice, ikachezwa ukumbi wa Dorset Garden kando ya mto Thames. Aliikata kutoka vitendo vitano vikabaki vitatu manake usiku huohuo baada ya kulia watu walitakiwa wacheke, palikuwa na kichekesho alichokitoa kwa Mfaransa Molière, The Cheats of Scapin. Naona uchungu kidogo kwa hilo, ni kama kwenda msibani ukaambiwa fanyeni haraka taarabu inaanza.

Humo ndani Berenice ni nani? Ni malkia. Vespasian, baba yake Titus, amekufa, Titus ni mfalme mpya, mji mzima unasubiri harusi, yeye anaisubiri kuliko wote. Titus ameshaamua kumwacha ila anashindwa kumwambia usoni, anamtuma rafiki yake Antiochus akamwambie, na huyo Antiochus naye anampenda Berenice kimyakimya miaka na miaka. Hebu fikiria unaachwa, na anayekuletea habari ni mtu anayefaidika ukiachwa. Anakataa kuamini, anamfukuza Antiochus, anamtaka Titus aje aseme mwenyewe. Kati ya watu watatu pale jukwaani yeye peke yake ndiye anayedai kuambiwa ukweli kwa mdomo wa mwenye nao. Umalaya uko wapi hapo? Mwisho anakubali kuondoka, na kwa Otway Titus anabaki anaapa kwamba kwa kuwa yeye amekosa raha basi dunia nzima itakosa raha kama yeye. Kichekesho ni kwamba Titus wa historia Waroma walimwita kipenzi cha wanadamu wote. Otway aliharibu sifa ya mwanaume akaiacha ya mwanamke mahali pake, na hilo halitokei mara nyingi.

Jambo moja zaidi hapo, wakati wa Shakespeare nafasi za wanawake zilichezwa na wavulana, wanawake walianza kupanda majukwaa ya London baada ya 1660. Kwa hiyo Berenice wa Otway alikuwa mwanamke kweli anayelia kweli, na wanawake hao wa jukwaani mjini waliitwa majina mabaya yote unayoyajua. Si ajabu neno aliloliona mumeo likatokea upande huo. Wiki chache baadaye, Januari 1677, kundi hasimu la ukumbi wa Drury Lane nalo likatoa tamthilia ya John Crowne ya kuangushwa kwa Yerusalemu, sehemu mbili, Berenice yumo tena na Titus wake. Mji mmoja, majukwaa mawili, mwanamke mmoja. Miaka sitini mbele Handel akatunga opera ya Berenice pale Covent Garden, mwaka 1737, huyo ni Berenice mwingine wa Misri na inaimbwa Kitaliano, ilionyeshwa mara nne ikaishia hapo, ila kuna minueti, muziki wa kuchezea dansi, ndani yake inapigwa mpaka leo.

Jina la mwanao lakini we umelitoa kwenye nyota, kwa hiyo Berenice wako ni Berenice wa Pili, malkia wa Misri, binti wa Cyrene, Libya ya leo. Mwaka 246 KK mumewe Ptolemy III alikwenda vitani Siria, ndoa bado mbichi, na Berenice akaweka nadhiri kwamba akirudi salama atakata nywele zake azitoe hekaluni. Alirudi. Nywele zikakatwa, zikawekwa, na baadaye zikapotea. Mnajimu wa ikulu, Conon wa Samos, akaokoa watu shingo zao kwa kuonyesha kidole juu, akasema zimepandishwa mbinguni, zile pale karibu na mkia wa Simba, lile kundi la nyota. Zipo hadi leo na jina ni hilohilo, Nywele za Berenice. Mwezi wa tano, kama saa tatu usiku, mahali pasipo na taa nyingi, geukia kaskazini utazame juu sana, utaona kama vumbi la unga lililomwagika, nyota ndogondogo zimekusanyika. Mshairi Callimachus aliziandikia nywele zenyewe shairi zikiongea, na kwenye tafsiri ya Kilatini ya Catullus, mshairi wa Roma, zinamwambia malkia kwamba zimekiacha kichwa chake bila kupenda, invita. Neno lilelile ambalo Suetonius alikuja kulitumia kwa Berenice mwingine anayeondoka Roma. Halafu mmoja alikata nywele kwa nadhiri na mwingine alinyoa kwa nadhiri, miaka mia tatu kati yao. Sijui kama Suetonius alifanya makusudi, mi linanisisimua kila nikilikuta.

Nisikufiche upande wa pili, mama mkwe akienda kusoma ataukuta. Berenice wa nywele aliuawa mwaka 221 KK mwanawe mwenyewe akiwa kwenye kiti cha enzi. Dada wa mumewe, Berenice pia, aliuawa Siria pamoja na mtoto wake. Berenice wa tatu aliuawa na mume mpya ndani ya wiki tatu, na wa nne, dada mkubwa wa Cleopatra tunayemjua, aliuawa kwa amri ya baba yao mwaka 55 KK. Inatisha ukiziweka pamoja hivyo, lakini hesabu na akina Arsinoe na akina Cleopatra na akina Ptolemy wa nyumba ile uone walivyouana, hapo mwenye mkosi ni kiti cha enzi. Na kama mama mkwe anataka mtakatifu yupo: Bernike, shahidi wa Antiokia mwanzoni mwa miaka ya 300, aliyekufa mtoni pamoja na mama yake Domnina na dada yake Prosdoke wakikimbia mateso, na Yohane Krisostomo mwenyewe aliwahubiria watu habari zao. Wakristo wa Mashariki wanaadhimisha sikukuu yao tarehe 4 Oktoba.

Jina hili hata na pwani yetu lina ujirani. Ptolemy II alijenga bandari kwenye Bahari ya Shamu akaipa jina la mama yake, Berenice, na kile kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza kinachoitaja Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, na bandari ya Rhapta, kinaanzia safari kwenye bandari hiyo na jirani yake. Rhapta wasomi wengi wanaiweka pwani ya Tanzania. Na Benghazi ya Libya zamani iliitwa Berenice, na wanaofuatilia asili ya maneno wengi wanasema vanishi, hiihii anayopaka fundi seremala kitanda chako, jina lake lilitokea mji ule. Mwambie mumeo amepaka Berenice kwenye meza.

Kutamka sasa. Wagiriki walisema Be-re-NI-ke. Waingereza jukwaani wanasema be-re-NAI-si, na kwa Kiingereza lipo pia umbo fupi, Bernice. Biblia ya Kiswahili iliibakiza k, kwa hiyo Bernike wetu yuko karibu zaidi na asili kuliko wa kwao. Ukiandika Berenice jua kabisa kwamba nesi, mwalimu na karani kila mmoja atasoma lake, Berenisi, Benisi, Berenike, na mtoto atasahihisha watu maisha yake yote. Ukitaka asome kila mtu sawa andika Berenike. Mi ningechagua hilo, ila nakiri nina upendeleo wa k.

Kuna kitu kingine cha kupima: kwa kuwa ni jina lako mwenyewe, kuna familia hazipendi mama na binti wagawane jina, wanataka apewe la bibi. Kama kwenu ni hivyo na mama mkwe kimoyomoyo alikuwa anasubiri la kwake, basi habari ya Agripa ni kisingizio tu na mimi siwezi kukusaidia kwa Kigiriki. Mwache mumeo akae na mama yake wawili tu, amuulize alitaka mtoto aitwe nani. Mnaweza kumpa la bibi mbele na Berenike nyuma.

Kuhusu ubatizo mwone padre wenu kabla hujajifungua, mpelekee huyo shahidi wa Antiokia na tarehe yake, maparokia hayafanani na yeye ndiye atakayeandika kwenye kitabu. Na maneno ya laana yakianza kukunyima usingizi mwambie padre hilo pia, ana kwa ana, na kliniki mwambie nesi kama hulali. RITA ukienda kuchukua cheti cha kuzaliwa andika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, usiliseme kwa mdomo, na lisome herufi moja moja kabla hujaondoka dirishani. Kurekebisha baadaye ni usumbufu, mpwa wangu tulimwandikisha Pherenike na cheti kikatoka Ferdinand.